Kiti cha Mshazari

Kwa muda mrefu nilitaka kujua mtu yule anakaaje.

Ungedhani kukaa kwenye pikipiki ni kukaa tu. Miguu huku na huku, mikono mbele, macho njiani. Lakini yeye alipopita mbele ya karakana yetu, hata fundi viatu wa jirani alisimamisha sindano hewani. Mwili wake ulilala kidogo upande wa kulia, kama ameegemea ukuta ambao sisi wengine hatuuoni. Shingo ilirudi kushoto kidogo, na mkono wa kushoto ulipumzika pajani kana kwamba pikipiki inajua njia yenyewe. Wenzake wa kituo cha bodaboda cha njiapanda walimwita Mshazari. Jina alilopewa na mama yake, nadhani alilikumbuka mama yake peke yake.

Wote walimwiga. Asubuhi ungewaona wanatoka kituoni mmoja mmoja, kila mtu amejilaza upande kwa kadiri alivyoweza. Wengine walizidisha wakawa kama magunia yaliyofungwa vibaya. Mmoja alilala mpaka akaingia kwenye kibanda cha mama muuza vitunguu, akaomba radhi huku bado amelala. Mshazari mwenyewe alipoulizwa anafanyaje, alijibu kwamba hafanyi kitu, ni kujiachia tu. Jibu hilo liliwaumiza zaidi.

Mimi hushona viti vya pikipiki. Karakana ni ya shangazi yangu: chumba kimoja, cherehani mlangoni penye mwanga, meza ndefu katikati, na mabunda ya ngozi ya plastiki yamesimamishwa ukutani kama wageni waliokosa viti. Shangazi huzungumza na wateja, mimi huzungumza na viti. Ndivyo anavyosema yeye. Ni kweli kwamba mteja akiniuliza jambo, maneno hunijia yote kwa pamoja yakakwama mlangoni, kama watu wanaotoka mkutanoni. Basi nikazoea kutazama. Mtu anayeogopa mwendo hukichakaza kiti mbele, kwa kukibana na mapaja. Anayebeba mizigo hukata mshono wa nyuma. Anayejipenda huleta kiti kizima, hakina hata mkwaruzo, akitaka uzi wa rangi nyingine.

Viti vya watu wengi nilivielewa. Mshazari sikumwelewa. Vijana walikuja wakataka kiti kama chake, ngozi ileile nyeusi, mistari mitatu ya uzi mwekundu. Tukawashonea. Kesho yake wanarudi: kiti ni kizuri, mama, lakini mtu halali upande. Shangazi aliwajibu wote namna moja.

"Kiti tumekupa. Mbwembwe ulete mwenyewe."

Nami nilijaribu, sitaficha. Shangazi akienda sokoni nilipanda pikipiki za wateja zilizoegeshwa ndani. Ng'ambo ya barabara lipo duka la vitanda lenye kioo kikubwa, na mtu akikaa sawasawa mlangoni kwetu hujiona mzimamzima. Nilishusha bega, nikapinda shingo, nikaweka mkono pajani. Kwenye kioo nilimwona msichana anayeumwa jino. Kuendesha kwenyewe nilikuwa bado sijajua. Ila nilitaka siku moja nipite mahali, mtu aulize, yule ni nani? Hayo tu.

Siku moja asubuhi Mshazari akaja kwetu. Nilikuwa chini ya meza naokota pini, kwa hiyo niliona miguu yake kwanza. Mguu wa kushoto ulishuka kama kawaida. Wa kulia aliuteremsha kwa mkono, kama mtu anayeshusha mzigo wa mtu mwingine. Akashika ukuta, akautikisa mguu, ndipo akaamkia.

Alitaka kiti kivalishwe ngozi mpya, maana ya zamani ilikuwa imepasuka upande wa kulia. Kila kitu kibaki vilevile. Shangazi akamuuliza mguu una nini. Akateremsha sauti, akaeleza. Kiuno kilianza kumuuma tangu mwaka jana. Ikifika saa sita mguu wa kulia unakufa ganzi, hausikii hata breki. Hospitali wamemwambia apunguze mizigo, ameacha kubeba magunia kabisa, na bado. Mwezi huu amekwisha kupata mtu wa kuinunua pikipiki. Kazi nyingine hajui, na nyumbani wanamtegemea yeye, lakini mguu usiosikia breki utaua mtu.

"Wenzangu wasijue, shangazi," alisema.

"Hapa huingia viti, mwanangu. Maneno hayatoki."

Mshazari akaenda kunywa chai. Shangazi akaenda kutafuta uzi mwekundu, maana wetu ulikuwa umekwisha. Nikabaki na pikipiki.

Bolti za kiti zilikuwa na kutu. Nilizipaka mafuta, nikazigonga, zikalegea. Nikakipeleka kiti mezani, nikang'oa pini kwa bisibisi, nikavua ngozi. Sponji ikatokea. Upande wa kushoto ilikuwa na unene wa vidole vinne. Upande wa kulia, vidole viwili.

Nilidhani imelalia upande mmoja kwa kukaliwa. Sponji iliyochoka naijua, ukiibonyeza haiinuki, na inakuwa ya manjano kama jino. Hii ilikuwa nzima. Upande mwembamba haukubonyea, ulikatwa. Nikainamisha uso mpaka pua ikagusa. Alama za kisu zilikuwa fupifupi, zimepangana kama magamba ya samaki. Shangazi hukata kwa mkato mmoja mrefu. Anayekata hivyo, kwa woga, kidogo kidogo, ni mimi.

Hapo nikakumbuka. Miaka miwili nyuma nilikuwa na wiki tatu tu kazini. Alikuja kijana mmoja wa kawaida, hana jina lolote wakati ule, na pikipiki aliyoinunua mkononi mwa mtu. Bolti za kiti zilikuwa zimeshika kutu, kiti hakikung'oka, na Shangazi alikuwa msibani. Nikaamua kukifanyia kazi palepale juu ya pikipiki. Sikuliamini jicho langu, kwa hiyo nikachukua pima maji ambayo fundi mjenzi mmoja aliisahau kwetu, kile chombo chao chenye kiputo cha hewa ndani ya maji. Nikaiweka juu ya sponji na kukata, nikapima tena, nikakata tena, mpaka kiputo kikatulia katikati kabisa. Nilijiona fundi kweli.

Sasa nikaitoa pima maji kwenye droo. Nikaiweka juu ya sponji pale mezani. Kiputo kikakimbilia kushoto. Nikairudisha sponji juu ya pikipiki, nikapima tena. Kiputo kikarudi katikati, kikatulia.

Nikasimama nikiitazama pikipiki. Ilikuwa imeegemea mguu wake wa pembeni, ule wa chuma, kama pikipiki zote zinavyosimama. Imelalia kushoto. Mimi nilikuwa nimesawazisha kiti cha kitu kilicholala. Ndiyo maana hakuna aliyeona. Ikiegeshwa, kiti kimenyooka. Mwenyewe akipanda akainyanyua, kiti kinalala naye kulia. Hata abiria wake walikaa mshazari, nasi tulikuwa tukisema wanajipendekeza.

Ningependa kusema kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa huruma. Hakikuwa huruma. Nilitaka kukaa.

Nikakifunga kiti juujuu bila ngozi. Nikapanda, nikainua pikipiki kwa miguu miwili mpaka ikasimama wima, nikatazama kioo cha ng'ambo. Sikufanya kitu. Nyonga ya kulia ilishuka yenyewe, mgongo ukafuata, shingo ikarudi kushoto kutafuta usawa. Mkono wa kushoto ulikosa pa kwenda, ukaangukia pajani. Na kwenye kioo alikuwapo mtu ambaye ningemgeukia barabarani. Alikuwa na nyuzi begani na kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, lakini hata kitambaa kilionekana kimewekwa hivyo makusudi. Nikakaa. Nilitaka kujua mkao ule unadumu kwa muda gani. Niliwatazama watu wanaopita kwenye kioo, na mtu mmoja alinitazama mara mbili. Kisha paja la kulia likaanza kuwasha kwa ndani, na baada ya muda vidole vya mguu vikawa si vyangu.

"Dada, umenizidi."

Mshazari alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu. Alidhani namwiga kama wengine.

Ningeweza kushuka na kucheka. Ningeongeza sponji kimyakimya, angeondoka amenyooka bila kujua kwa nini, na angeweza kuja kutulaumu kwamba tumemharibia kiti. Au ningeacha vilevile, auze pikipiki, na vijana waendelee kutuletea kazi kwa sababu ya jina lake. Niliyafikiri yote hayo. Halafu mguu wangu wenye ganzi ukateleza, pikipiki ikaanza kuanguka, akaruka akaishika usukani, tukawa uso kwa uso.

"Kaka, ni kiti," nikasema. "Nilikikata vibaya. Mimi."

Hakuelewa. Nikamwonyesha. Niliuweka mkono wake mwenyewe juu ya sponji, vidole vinne huku, viwili kule. Nikampimia kiputo pikipiki ikiwa imeegeshwa, kisha nikamwambia ainyanyue, apime yeye. Kiputo kikakimbia. Akaishusha, akainyanyua tena. Alifanya hivyo labda mara tano, kama mtoto aliyepewa kitu asichoamini. Nikamweleza na habari ya paja, kwamba nimekaa muda mfupi tu na mguu wangu umekufa.

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga matusi kichwani, nijue nitajibu nini kwa kila moja. Yeye alikuwa anatazama kioo cha ng'ambo.

"Kwa hiyo haikuwa mimi," alisema.



Akakaa juu ya bunda la ngozi, akanisimulia bila kuniangalia. Zamani, alisema, alikuwa akipita kituoni na hakuna anayempisha. Mwezi mmoja baada ya kununua pikipiki wakaanza kumtazama. Akadhani ni kwa sababu ameanza kujiamini. Na kwa kuwa walimtazama, akajiamini kweli, akaanza kuongea, akachekesha watu, akapata wateja wa kudumu. Akauliza sasa hayo mengine nayo ni ya sponji? Nikasema sijui, lakini sponji haiongei. Akacheka kidogo, kwa pua.

"Ukikinyoosha, mguu utapona?"

"Sijui, kaka. Mimi si daktari. Ila wangu umerudi tangu nishuke."

Alifikiri. Aliinuka akapiga hatua mbili, akautikisa mguu. Kisha akasema niongeze.

Nilikata sponji mpya, nikaibandika kwa gundi upande wa kulia, nikapima mezani, si kwenye pikipiki. Yeye alinishikia taa. Shangazi alirudi na uzi akatukuta tumeinama pamoja juu ya meza, akaguna. Mshazari akamwambia, binti yako ameugundua ugonjwa wangu. Shangazi akaiangalia sponji, akaiangalia pima maji, akaniangalia mimi. Si mtu wa kuelezwa jambo mara mbili.

"Wewe," akasema, "tutazungumza."

Mpaka leo hatujazungumza. Ila alikivalisha ngozi kile kiti yeye mwenyewe, na hakutaka kupokea malipo.

Mshazari alipanda palepale mlangoni. Alinyooka. Mwili wake haukujua; bega lilishuka kutafuta pale mahali pake, likakuta pamejaa, likapanda tena. Mkono wa kushoto aliuweka pajani, ukaonekana umesahauliwa hapo. Akauondoa, akashika usukani kwa mikono miwili kama anayejifunza. Akaniuliza amekaaje.

Nilimtazama vizuri, bila kukitazama kioo. Nikamwambia anaonekana mrefu kuliko nilivyodhani.

Akawasha. Kabla ya kuondoka aliinama, akasema kwa sauti ya chini kwamba nikiulizwa nisiseme uongo. "Ila usiwaambie leo. Leo niachie."

Nikatoka mpaka ukingo wa barabara kumtazama. Ili atoke mtaani kwetu lazima apite mbele ya kituo, na pale walikuwa kumi au kumi na wawili, wamejilaza kila mmoja juu ya pikipiki yake wakingoja abiria. Alipowakaribia alipunguza mwendo. Niliona bega likianza kushuka, kwa makusudi safari hii, na nikajua kwamba anaweza kujilaza mwenyewe kama wale, akitaka. Alikwenda hivyo hatua chache. Halafu akanyooka, akaongeza mwendo, akapita katikati ya macho yao yote. Vichwa vikageuka kwa mpangilio, kama milango inayofunguliwa na upepo mmoja.

Haikupita nusu saa, wa kwanza akaja. Ni yule aliyeingia kwenye kibanda cha vitunguu. Aliegesha pikipiki mlangoni, akashuka akijinyoosha kiuno kwa siri, akamtafuta Shangazi kwa macho akamkosa, akanikuta mimi.

"Dada, Mshazari mmemfanya nini?"

Maneno yalinijia yote, na safari hii yangepita. Nikayazuia.

"Njoo kesho," nikamwambia. "Njoo na kiti chako."