Hotspoti ya Bi Mabruka

Katapila lililokuja kuchimba mtaro mtaani kwa Bi Mabruka, hapa Ibra, lilikuwa na jino moja refu kuliko mengine, na kwa jino hilo, saa tatu na dakika kumi asubuhi, liling'oa waya wa intaneti wa mtaa mzima kama mtu anayechomoa uzi kwenye kanzu. Wapo wanaosema waya ule uliburutwa mpaka Bidbid, na pale njia panda muuza chai mmoja akauona unampita miguuni akadhani nyoka. Hayo ya Bidbid tuwaachie wenyewe wa Bidbid. La yakini ni kwamba dakika moja baadaye taa ya kijani kwenye kidude cha intaneti cha Bi Mabruka iligeuka nyekundu, na Bi Mabruka, mwanamke wa miaka sitini na sita ambaye hajapata kuogopa kitu isipokuwa mijusi, aliingiwa na baridi ya mgongo.

Saa nne kamili alikuwa na mtihani.

Chuo kimoja cha huko Ulaya kilitaka mwalimu wa Kiswahili, akae kwake, afundishe kwa kompyuta. Waombaji walikuwa kumi na mmoja, na kumi kati yao wana shahada. Wa kumi na moja alikuwa na miaka thelathini ya kupokea simu hospitalini, Kiswahili alichotoka nacho Unguja akiwa msichana, na vitabu alivyojisomea mwenyewe hata majalada yakabanduka. Tangu astaafu, hakuna aliyemwuliza kitu isipokuwa chumvi kiasi gani kwenye mkate wa ajemi. Alitaka, mara moja tu kabla hajafa, aulizwe jambo jingine. Na barua ya chuo ilisema waziwazi: atakayekosekana kwa dakika kumi, amejitoa.

Hakumwambia mtu, ila binti yake Ghada aliyekuwa kazini Nizwa. Majirani hakuwagusia hata kwa nukta. Akishindwa, habari ingefika Al Kamil kabla ya adhuhuri na Sur kabla ya alasiri, tena ikiwa imenenepa njiani.

Akampigia Ghada.

"Mwanangu, intaneti imekufa."

"Imekufa vipi, mama?"

"Imekufa, khalas, taa nyekundu. Nipande gari nije huko Nizwa?"

"Mpaka ufike Nizwa watakuwa washatunga mtihani wa mwakani. Nisikilize. Simu yako ina bando?"

"Limejaa. Si uliniwekea wewe juzi?"

"Basi simu ndiyo itakayoipa laptopu intaneti. Fungua pale penye alama ya gurudumu la meno."

"Nishafungua."

"Shuka chini. Umeona hotspoti? Iwashe. Sasa inataka neno la siri, herufi nane."

Bi Mabruka akahesabu kwa vidole. Neno la kwanza lililomjia, na ndilo lililomtoka mdomoni kila siku ya maisha yake, lilikuwa na herufi nane barabara. Akaandika: karibuni.

"Nenda kwenye laptopu, tafuta jina la simu yako, uandike neno hilohilo."

Akaiweka simu dirishani, kwenye chumba kidogo kilicho nyuma ya majlisi, sebule ya wageni, maana hapo ndipo mnara ulipokuwa ukishika vizuri. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, huku amezuia pumzi. Laptopu ikafikiri. Ikafikiri tena. Kisha ukurasa wa chuo ukafunguka, mweupe, na jina lake juu.

"Ghada! Imeshika! Wallahi imeshika!"

"Mama, wewe mhandisi."

"Mhandisi kitu gani? Mhandisi mwenyewe lazima aite mtu. Mimi nimeunganisha peke yangu."

"Peke yako na mimi."

"Haya, na wewe kidogo."

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Akavaa shela lake zuri, akaketi, akajitazama kwenye kioo cha laptopu. Ndipo aliposikia mlangoni:

"Hodi! Wenyewe mpo?"

Kahawa ya asubuhi katika mtaa ule huenda kwa zamu, nyumba hii leo, nyumba ile kesho, na siku hiyo zamu haikuwa yake. Ilikuwa ya Bi Fatma, mkubwa wao, mwenye miaka sabini na tisa na ulimi wa miaka ishirini. Lakini nyumba ya Bi Fatma ilikuwa imekatika intaneti kama nyumba zote, na mabando waliyokuwa nayo kwenye simu yalitosha kutuma salamu tu. Hapo ndipo Basma, mdogo wao, aliyezaliwa hapahapa Ibra na ngeli za Kiswahili hakuzitambua hata moja, alipoona kwenye simu yake jina linalometameta: Mabruka.

"Khala, nimeona jina yako kwenye simu yangu," alisema Basma akivua makubadhi. "Intaneti wetu yote amekufa. Ya kwako mzima!"

"Shikamoo, Bi Fatma," alisema Bi Mabruka, jicho kwenye saa.

"Marahaba. Leo kahawa kwako. Zamu yangu nitailipa Alhamisi."

Wa tatu alikuwa Wasan, ambaye wazee wake walitokea Tabora. Huyo hakungoja hata kuketi. "Bi Mabruka, netiweki yako iko juu kweli. Paswedi nini? Sista wangu ananingoja."

Sasa mwenzangu, ungefanya nini? Katika nyumba ya Ibra mgeni hanyimwi maji, hanyimwi kivuli, na tangu miaka hii ya karibuni hanyimwi intaneti. Na utamwambiaje mgeni kwamba neno lenyewe ni karibuni, halafu umzuie mlangoni? Bi Mabruka akalitaja. Simu tatu zikaingia kwa pamoja. Akawawekea sinia ya tende, akawamiminia finjani ya kwanza, akasema, "Nakwenda kutazama jikoni," akapita jikoni bila ya kutazama kitu, akajifungia chumbani.

Saa nne kamili Dokta Asaad, mtahini wa chuo, alitokea kwenye kioo, mzee mwenye miwani na sauti ya watu wa Malindi. Ubavuni kwake alikuwa kijana wa kizungu mwenye nywele rangi ya mahindi.

"Sabalkheri, Bi Mabruka. Kazi yetu leo ni moja tu. Mwenzetu huyu amesoma Kiswahili miaka minne kitabuni. Mfundishe kuaga. Una nusu saa."

"Sabalkheri, Dokta. Kwetu sisi kuaga..."

Hapo Dokta Asaad akaganda, mdomo wazi, kidole juu, kama mtu aliyeona jini kwenye kabati.

Kwenye majlisi Bi Fatma alikuwa amefungua tamthilia ya Kituruki, sehemu ya mia na kumi na mbili. Wasan alikuwa akizungumza na dada yake wa Tabora kwa picha, na dada akimtembeza uani kumwonyesha kuku mmoja mmoja. Basma alikuwa akishusha filamu nzima ya harusi ya binamu yake, siku tatu, kamera nne. Intaneti iliyobaki kwa Bi Mabruka ilikuwa ikidondoka kama maji ya falaji, mfereji wa mashamba, mwisho wa zamu: neno moja, kimya, nusu neno. Kisha chini ya kioo pakaandikwa: *Hatukuoni wala hatukusikii. Tunakungoja mpaka saa nne na dakika kumi.*

Ilikuwa saa nne na dakika tatu.

Akifunga hotspoti, anajifungia na yeye. Akibadili neno la siri, ni sawa na kumpokonya mgeni tende mdomoni. Akiwaambia kweli, akashindwa, ataishi vipi mtaani? Akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye chetezo cha umeme, kile kisichohitaji makaa.

Huku kwetu udi huja mwisho. Mgeni hula, hunywa, huzungumza, na chetezo kikishapita chini ya shela lake, huinuka. Hapana mtu anayefundishwa jambo hilo. Linajulikana kama linavyojulikana jua.

Bi Mabruka akaingia majlisini na chetezo kinafuka.

Bi Fatma akaiteremsha simu. "Mabruka! Udi? Na finjani ya kwanza haijapoa?"

"Udi mpya, Bi Fatma. Nimetaka mnuse."

"Nikinusa ndiyo nishaondoka!"

"Nusa kidogo."

Bi Fatma akamtazama kuanzia utosini mpaka nyayoni na kurudi. Lakini desturi ni desturi. Akafungua shela, akapokea moshi, akainuka. "Nimepata kufukuzwa mara nyingi katika maisha yangu," alisema, "lakini kwa harufu nzuri namna hii, leo ndiyo mara ya kwanza."

Wakatoka mmoja mmoja. Bi Mabruka akarudi chumbani mbio. Dokta Asaad kidole bado juu.

Akachungulia dirishani. Wageni walikuwa wamesimama barazani nje, hatua kumi kutoka kwake, wanatafuta makubadhi na kuagana. Na kuagana kwa wanawake wa mtaa ule si kitu cha dakika. Inasemekana yupo mmoja aliyeanza kuaga mlangoni akiwa bikira, na alipofika barabarani alikuwa na wajukuu. Simu zote tatu zilikuwa mkononi, tamthilia inanguruma, kuku wa Tabora wanawika.

Saa nne na dakika saba.

Bi Mabruka alisimama katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akajiuliza anaogopa nini hasa. Kushindwa na watu wajue? Ama kushindwa peke yake, mlango umefungwa, kwa ajili ya kuku wa Tabora? Akafungua mlango kwa kishindo.

"Zimeni simu! Wallahi zimeni! Nina mtihani!"

Wote watatu wakageuka.

"Mtihani wa nini?" aliuliza Bi Fatma. "Wa damu?"

"Wa ualimu! Kufundisha Kiswahili, Ulaya, kwenye laptopu. Zimebaki dakika tatu wanifute, na nyinyi mmeikalia intaneti yangu!"

"Na kwa ajili hiyo ukatufukiza kama mbu?"

"Nisamehe, Bi Fatma. Niliona haya."

"Sikusamehe mpaka ushinde. Basma! Zima!"

Wasan hata hakumuaga dada yake. Alimkata katikati ya jogoo. Basma alizichukua simu zote, akazizima moja baada ya moja kwa vidole vyepesi kama mshona kofia, akazipanga kwenye sinia ya tende. "Sasa yote amelala, khala. Twende!"

Wakaingia chumbani kwa kusukumana. Dokta Asaad akashusha kidole, akapepesa macho, akawa hai. Saa kwenye kioo ilionyesha nne na dakika tisa.

"Bi Mabruka! Tulikuwa tunafunga. Na... hawa ni nani?"

Bi Mabruka alikuwa hana karatasi, hana pumzi, na shela limemwangukia begani. Akamtazama Bi Fatma, kisha akaigeuza laptopu.

"Hawa ndio somo lenyewe, Dokta. Kijana wetu yuko kwa Bi Fatma na anataka kuondoka. Haya, mwanangu, muage."

Kijana akaweka sawa kola. "Kwa heri, Bi Fatma."

Bi Fatma akakunja mikono. "Unakwenda wapi? Hujala."

Kijana akatazama daftari lake. Akalifunua mbele, akalifunua nyuma.

"Mwambie nyumbani wanakungoja," alinong'ona Bi Mabruka.

"Nyumbani wananingoja."

"Wangoje," alisema Bi Fatma. "Kwani wana haraka gani?"

"Sasa mwulizie watoto," alisema Bi Mabruka. "Mmoja mmoja, kwa jina. Anao saba. Kisha mwambie umeshiba, naye hatakuamini, mwambie tena. Neno la kwa heri usiliseme mpaka umefika mlangoni, na ukifika usitoke, simama. Kwetu sisi, anayeaga mara moja amekasirika."

Kijana akawaulizia watoto. Wa nne alimsahau, Bi Fatma akanuna, ikabidi aanze upya. Akaapa ameshiba. Wasan akamtupia, "Mbona umekonda?" Akajibu mwenyewe, bila ya kunong'onezewa, "Nimekonda kwa kukukosa nyinyi!" Hapo Kiswahili chake kilifanana na cha Basma, na Basma akapiga makofi. Jasho lilikuwa likimtoka. Mwisho kabisa Bi Fatma alinyoosha mkono.

"Haya mwanangu, nenda salama. Wasalimie wote. Na siku nyingine usije na haraka."

"Inshallah nitarudi. Kwa heri." Kijana akainuka, akatoka kweli. Wote waliusikia mlango wa huko Ulaya ukifungwa. Dokta Asaad alikuwa amevua miwani, anafuta machozi kwa kucheka.

Alipopata sauti, akamwita kijana arudi, wakainamiana wakanong'ona, na majlisi ya Bi Mabruka, iliyokuwa sasa yote chumbani, ikashika pumzi.

"Bi Mabruka," alisema Dokta Asaad, "wale kumi tulishawasikiliza. Wote wametufundisha maneno ya kuaga. Wewe umetufundisha kuaga. Kazi ni yako."

Vigelegele vilivyopigwa pale, yule wa katapila alivisikia ndani ya chombo chake, akazima mashine akainua mikono juu, akidhani keshakata kitu kingine. Bi Fatma alimkumbatia Bi Mabruka mpaka shela likamporomoka tena, akasema, "Sasa nimekusamehe, mwalimu." Wasan akazigombania simu kwenye sinia ili amwambie dada yake, na habari ikaondoka kwenda Al Kamil na Sur, imenenepa kabla hata haijatoka mlangoni.

"Basi tuanze Jumapili," Dokta Asaad alikuwa akisema juu ya kelele zile. "Saa nne asubuhi kwa saa zenu, inakufaa?"

Mwalimu Mabruka akapandisha shela lake, akaketi wima mbele ya kioo.

"Saa nne nina wageni," alisema. "Niwekeeni saa tano."

Dokta Asaad akaandika saa tano.