Donge la Evode

Pétronille hakumkaribisha ndani. Alimsogezea kigoda barazani, akarudi kwenye udongo wake wa vyungu. Yule mwanamke kutoka Walikale akakaa, mtoto mgongoni, macho mlangoni.

"Mama, miye njo Hélène, bibi ya Evode. Huyu mutoto ni wake."

"Evode hakuniambia kama ameoa."

"Watu wa bunduki walimukamata mbele ya kukuambia."

Adrienne, jirani aliyekuwa akichambua maharage uani, akakohoa. Jana tu alikuwa amesema, "Wanatumaka wanamuke ivi, Mama Evode. Analala kwako, anaona nani amejificha, kesho nyumba inawaka." Na nyuma ya mlango ule alikuwa amejificha Théogène, mpwa wa Pétronille, mtoto wa marehemu dada yake, aliyekataa kubeba bunduki.

Pétronille akakata donge, akampa mgeni. "Kanda."

Udongo hukumbuka. Usukume kwa kipimo kilekile, Salamu Maria moja kwa kila msukumo, nao utazoea, utatulia, utakaza. Pita kipimo hicho kidogo tu, utaachia ghafla. Hilo Evode hakulishika. Akifika Amina ya mwisho, kwa furaha ya kumaliza, aliegemea na uzito wake wote, donge likapasuka, naye akachapwa vidole.

Hélène akakanda. Midomo yake ilicheza bila sauti. Viganja vikaenda, vikarudi, vikafika palepale, na donge likanyamaza chini yake. Kisha akaegemea na mabega yote.

Donge likapasuka.

Pétronille aliutazama ule ufa. "Nani alikufundisha ivyo?"

"Evode. Alisema mama yake njo anakandaka ivyo."

"Alinisingizia."

Adrienne akacheka puani. "Huyo ni Evode kabisa."

Lakini kukanda si siri ya kitandani. Hata waliomfunga, kama waliwahi kumpa udongo, wangeweza kumwona na kujifunza.

Mtoto akaanza kulia, kilio chembamba cha njaa.

"Amekula?"

"Tangu jana, hapana."

Pétronille akafuta mikono, akashika rozari na kuanza kusali kwa sauti kubwa, ishara waliyopatana na Théogène. Nyuma ya nyumba, majani ya migomba yakatikisika. Alisali mpaka yakatulia.

Ndipo akaondoa gogo mlangoni.