Angekata Simu

"Nionyeshe jeraha, mama!" Afisa wa fidia sasa alikuwa amepandisha sauti. "Mkono, mguu, mgongo, chochote. Tunalipia ajali za kazini. Binti yako alikuwa ameketi kwenye kiti!"

"Kwani kichwa si kiungo?" nikamuuliza. "Au mwenzetu unakivaa kama kofia?"

Msimamizi wa binti yangu, aliyeitwa kama shahidi, alikohoa ili kuficha kicheko. Binti yangu hakucheka. Yeye ni mpokeaji wa simu za dharura. Mwanamke mmoja alimpigia nyumba ikiwaka moto, mlango umekwama. Binti yangu alizungumza naye mpaka sauti ya yule mwanamke ikazimika. Tangu hapo simu yoyote ikilia anatetemeka, hata sahani humponyoka. Daktari anasema atapona akitibiwa vizuri. Mfuko wa fidia ukikataa, itambidi arudi kwenye simu zilezile au aache kazi. Sikuja pale kubembeleza mtu.

"Alisikiliza kwa hiari yake," afisa akasema. "Mambo yalipozidi, angekata simu. Mbona hakukata?"

Nilifungua mdomo. Binti yangu akanishika goti.

"Mama, niachie." Akamgeukia msimamizi wake. "Bosi, mwambie."

"Hatukati," msimamizi akajibu. "Anayepiga ndiye anayekata. Mpokeaji akitangulia kukata, namfukuza siku hiyohiyo."

"Hata kama upande wa pili uko kimya?" afisa akauliza.

"Hata kimya. Anasubiri mpaka mtu wa zimamoto aiokote ile simu."

"Nilisikia yote, kaka," binti yangu akasema. "Nilitamani kuvua visikizio nikimbie. Kazi haikuniruhusu."

Afisa alimtazama, kisha akamtazama msimamizi.

"Kwa hiyo aliumia akifanya alichoagizwa."

"Alaa! Kumbe tunaelewana," nikasema.

"Mama, tulia kidogo, usije ukaniharibia kazi." Afisa alikuwa anacheka. Akavuta jalada, akaandika, akagonga muhuri mpaka meza ikatikisika. "Ameumia kazini. Mfuko utalipia matibabu yote, na mshahara mpaka apone."

"Kuanzia lini?" binti yangu akauliza.

"Hata leo."

"Basi leo. Mama, inuka, twende kwa daktari."

Nilikuwa nimeshasimama, mkoba begani. Alitangulia, mgongo wima, mimi nikimkimbiza na viatu vinavyonibana. Kwa daktari nilitaka kuingia naye.

"Wewe kaa hapo," akaniambia, akanifungia mlango usoni.

Nikakaa, nikichekelea peke yangu kama mtu aliyeshinda uchaguzi.