Shemeji Haoni Aibu

Sasa, alijiambia, sasa hivi, kabla Mama Meneja hajabadilisha picha iliyomulikwa ukutani, achia tu, mwili ni wako na nepi ni yako, umeichora mwenyewe mstari kwa mstari, lakini mwili uligoma, ulikaza kama ngumi ya mtoto aliyeficha pipi, naye akabaki amekaa wima kwenye kiti kipya cha kitambaa cha kijivu, kijivu hafifu, nani jamani aliyechagua rangi hii kwa viti vya ofisi, tone moja tu la chai linaacha ramani, akatabasamu kwa sababu Kaka wa Mauzo, ng'ambo ya meza, alikuwa anamtazama, ananitazama kwa nini, nimekaa vibaya, pamechakarika, hapana, hapajachakarika, tabaka la nje ni laini, nililichagua mimi kwa sababu halipigi kelele, akaandika neno "kati" kwenye karatasi akalipigia mstari, na Mama Meneja akawa anasema, "...kwa hiyo hiki kitambaa cha kati tukikitoa, nepi inabaki ileile, nyembamba zaidi, nyepesi zaidi, mzee anaivaa chini ya suruali hakuna anayejua, na Shemeji ameshatuthibitishia," na mezani wakacheka kidogo, kama wanavyocheka kila Shemeji anapotajwa, kwa sababu Shemeji ni kiuno tu, kiuno na mapaja mawili ya mpira, na bomba la maji ndani yake, juu ya meza ya chumba cha majaribio, hana kichwa, hana miguu kuanzia magotini, na jina alipewa na Fundi Gundi, bwana wa mashine ya kubandika, aliyesema mtu unayemvalisha nepi kila asubuhi bila kumtazama usoni huwezi kumwita kwa jina, huyo ni shemeji yako, heshima mbele, na tangu hapo kiwanda kizima, Shemeji kavuja, Shemeji hajavuja, Shemeji leo kapitisha mbili, moja yenye kitambaa cha kati na moja isiyo nacho, zote kavu nje, zote sawasawa, na hapo ndipo neno lilipomwishia mchoraji, maana utabishana vipi na kiuno cha mpira kisichosema uongo... achia, basi, achia, chupa nzima ya maji aliimaliza kabla ya kikao, na glasi mbili za humu ndani, tumbo lilikuwa limejaa hadi linauma anapovuta pumzi, na bado mlango umefungwa, ajabu, ukiwa umebanwa barabarani unaomba Mungu akushikie, leo unaomba akuachilie hataki, mkamia maji hayanywi, na mkamia kuyatoa je... akakaribia kucheka peke yake, akakohoa.

"Unaumwa, dada?" Kaka wa Mauzo akauliza. "Vumbi tu," akasema, vumbi gani, chumba kimepigwa deki asubuhi kinanukia ndimu, mwongo mkubwa, nao wangejua, wangejua kwamba msichana waliyempa kalamu na kompyuta na kiti karibu na dirisha amevaa bidhaa yenyewe, ile isiyo na kitambaa cha kati, chini ya sketi nyeusi, na anajaribu kujikojolea mbele yao, wangemwita nani, Bi Nepi wameshamwita, hilo amelizoea, lakini hii ingempa jina la kuzikwa nalo, na kosa si lake, kosa ni la mama, hapana, usimsingizie mama, mama aliuliza tu, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki pale uani, kile cha plastiki ambacho siku hizi hataki kingine, yeye akampelekea pakiti nzima akaiweka mapajani pake kama zawadi, na mama akaigeuza, akasoma mgongoni, akasema, "Hii yako inazuia kweli?" "Inazuia, mama." "Kasema nani?" "Tumeipima." "Mmempima nani?" na yeye, kwa kutaka kumchekesha, akamweleza habari za Shemeji, na mama akacheka, akacheka mpaka akashika mkono wa kiti na kubana magoti, kicheko kikakatika hapohapo kama redio iliyochomolewa waya, akasema, "Basi mwambie huyo shemeji yako aende mahafali badala yangu, si haoni aibu," na mahafali ni Jumamosi hii, ya kitinda mimba wao, kijana aliyesomeshwa na cherehani ya mama, mwanafunzi wa mwisho wa nyumba ile, na mama anasema ataona picha, hotuba za watu wakubwa hazina mwisho, mtu utakaa vipi, "Mama, ndiyo maana ya hizi," akamwambia, na mama akamtazama, si kwa hasira, alimtazama kama anavyotazama mshono wa mtu mwingine, akauliza, "Wewe mwanangu, ushawahi kuivaa?" "Mimi?" "Wewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akairudisha pakiti, haikufunguliwa hata kona... "Mteja haoni tabaka la kati," Kaka wa Mauzo alikuwa anasema, "tuwe wakweli, mteja anaona picha ya mzee anacheka kwenye pakiti," na Fundi Gundi akasema, "Huyo mzee anacheka kwa sababu hajaivaa," na Mama Meneja, "Fundi, bwana, tuendelee," na Fundi, "Mimi nabandika tu, Meneja, mkisema matabaka matatu nabandika matatu, mkisema mawili nabandika mawili, mashine yangu haina maoni," na picha ukutani ikawa bado ileile, nepi iliyochanwa ubavuni, tabaka juu ya tabaka, mchoro wake, rangi zake, juu kitambaa cha kugusa ngozi, chini zile chembechembe za kufyonza zilizochanganywa na pamba ya karatasi, na katikati yao hicho kinachohukumiwa, amekipaka rangi ya machungwa, kipande kifupi kisichofika hata mwisho wa nepi, kitambaa kisichofumwa, hakina uzi wa kwenda wala uzi wa kurudi, nyuzinyuzi zimelazwa ovyo kama nywele za mtu aliyetoka kuamka zikapitishwa kwenye moto zikashikana, mama alipokiona mara ya kwanza alikivuta akakishika juu akaangalia mwanga, akasema, "Hiki si kitambaa, hiki ni uvivu," mshonaji yule, lakini nafasi zile ovyo ndizo kazi yake, maji yakija yanapokelewa hapo kwanza, yanatandazwa, wewe ngoja, wewe pita huku, mpaka chembechembe za chini ziamke zianze kunywa, maana zile huchelewa, huchelewa kidogo tu, kama watu walioitwa mezani, na darasani alijifunza hivyo na kitabuni imeandikwa hivyo, lakini Shemeji amesema hakuna tofauti, na kikao hiki kinangoja neno lake yeye, kwa sababu mchoro una jina lake, akikubali leo kitambaa kinatoka, na nepi zote zitakazotoka mashineni kwa Fundi zitatoka bila hicho, pakiti kwa pakiti, kwa mama za watu... na ana nini mkononi cha kukataa nacho, hisia, utasema nahisi, atasema Kaka wa Mauzo, dada anahisi... achia, fikiria mvua, fikiria bomba la jikoni, fikiria chochote, usifikirie kiti, ukifikiria kiti umekwisha, na hapo akakifikiria kiti.

Hakikuwa hiki. Kilikuwa cha jirani, cha sofa, cha maua ya manjano, mama alikwenda kumpa pole jirani aliyevunjika mkono, na jirani ni mtu wa maneno, akasimulia tangu alipoteleza hadi alipofungwa bandeji, na mama akaona haya kumkata, akaona haya kuuliza choo kiko wapi mara ya pili, akabana, akabana mpaka jasho likamtoka juu ya mdomo, na aliposimama kuaga... yule mdogo wake wa mahafali ndiye aliyempigia simu kumhadithia, kwa sauti ya chini, mama akiwa chumba cha pili, "Dada, sofa yote," akasema, "na jirani akasema si kitu, si kitu, ndiyo ikawa mbaya zaidi," na tangu siku hiyo kiti cha plastiki, na maji hanywi, midomo imepasuka, na yeye binti msomi akasema nitachora, kumbe tangu siku hiyo kila anapokwenda nyumbani na mama akasimama, yeye macho yake huenda wapi... yalikwenda wapi, sema... yalikwenda kwenye kiti, kabla ya kwenda usoni kwa mama yalikwenda kwenye kiti, haraka, mara moja tu, kama mkaguzi, alidhani mama haoni, na mama naye akisimama hugeuka, hutazama nyuma yake kwanza, halafu humtazama binti yake, na wote wawili wakijua walichokuwa wanatazama wanaanza kuzungumzia hali ya hewa... "Mchoraji wetu kimya leo," Mama Meneja akasema, na yeye akashtuka, na kule kushtuka, kumbe mlango haukuwa wa kusukuma, ulikuwa wa kusahau, ukafunguka.

Haukufunguka kidogo. Ee Mungu wangu, mkojo wote kwa pamoja, wa moto, hausimamishiki, akajaribu kuusimamisha na ukamcheka, unajaa, unajaa pale katikati na hauzami, unazunguka, mbona hauzami, unatafuta njia, unarudi nyuma, nyuma kabisa nilikokaa, unapanda pembeni kwenye mikunjo ya mapaja, lastiki, lastiki kamata, niliibana lastiki hii kwenye mchoro mpaka Fundi akasema inaua, kamata, na uso wake akauweka vile mtu anavyouweka anaposikiliza jambo la maana, akatikisa kichwa kukubaliana na neno ambalo hakulisikia, na chembechembe zile za chini, sasa ndipo anazihisi, zinaamka, zinanyonya, polepole, wavivu, mnangoja nini, ziwa lote limesimama juu yenu hamlioni, na kwa muda huo, muda ambao ungetosha kusema jina lako na la baba yako, kila kitu kilikuwa njiani kwenda kwenye kiti, kijivu hafifu... halafu pakatulia. Pakawa na uvuguvugu. Uzito. Imevuja au haikuvuja? Hajui. Hawezi kupeleka mkono. Pajani kushoto kuna ubaridi, ni jasho, au ni mkojo wenyewe, hajui, na kutojua huku, akaona, ndiko mama anakokaa nako, mchana kutwa, hili hasa, si maji, maji yanafuliwa, ni hili la kukaa na watu unacheka nao huku nusu yako iko chini inasikiliza... na Shemeji, akafikiri, na wazo likaja zima kama mtu aliyeingia bila hodi, Shemeji bomba lake hufunguliwa taratibu, limetegeshwa hivyo, kidogo, pumzika, kidogo, pumzika, haba na haba, Fundi humwimbia kabisa, haba na haba hujaza kibaba, Shemeji hajawahi kubana, hajawahi kukaa kwa jirani akisubiri hadithi iishe, Shemeji haoni aibu, na mwenye aibu hatoi haba na haba, mwenye aibu hushika mpaka ashindwe halafu humwaga yote, na hapo ndipo kinahitajika mtu wa kupokea mlangoni, mtu wa rangi ya machungwa, tumempima asiye na haya ili tumvalishe mwenye haya, tumeandika sawasawa, nimeandika mimi... si hisia basi, ni kipimo, kibaya, kisicho na mashine, lakini kipimo, na kukisema ni kusema kimepatikana wapi, hapa, mbele ya Kaka wa Mauzo na tabasamu lake la pakiti, mbele ya Fundi, ambaye atanyamaza, na ukimya wake utauma kuliko mzaha, na mbele ya Mama Meneja... Mama Meneja aliyekaa kama kawaida kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango, kila kikao kiti hichohicho, nilidhani ni ukubwa, nilidhani anapenda kutuona sote, na mtandio wake umekunjwa mara mbili chini yake, nilidhani ni kiyoyozi, viti ni baridi... hapana, usimchungulie, ni mambo yake, huoni umeanza tena kutazama viti vya watu, tazama uso, akautazama uso wake, uso wa mwanamke mtu mzima aliyechoka kidogo, anayengoja jibu.

"Basi, mwanangu," Mama Meneja alisema, na kalamu yake ikaielekea picha ukutani, ileile, pale kwenye rangi ya machungwa, "mchoro ni wako. Tukitoe au tukiache?" na Kaka wa Mauzo akaangalia saa, na Fundi akakuna shingo penye doa la gundi iliyokauka, na yeye akafikiri Jumamosi, nitakwenda nayo mwilini, nitakaa karibu naye hotuba zote, na tukisimama nitamtazama usoni, usoni tu, hata kiti kikiwa bahari, na hapa nikisimama sitageuka nyuma, atakayetaka kutazama na atazame, ubaridi wa pajani ukaongezeka au akaudhania, akaweka kalamu chini taratibu ikae sambamba na karatasi, akashika meza kwa mikono miwili.

"Tukiache," alisema. "Mimi nimeivaa."