Breki Iliyonyamaza

Fundi wa vigae alikuwa na wateja wengi, magoti sugu na jina moja tu uwanjani: Kiroboto. Walimpa jina hilo kwa sababu baiskeli yake haikuwa na kiti, na asiye na pa kukaa hana budi kuruka. Alipanda nayo mapipa, mapande ya zege na mirundo ya mbao, maana katika mchezo wao mbio si kitu. Kazi ni kuvuka vikwazo bila kugusa chini, na kila mguu unaogusa unaandikiwa kosa. Kiroboto alijua kuwa yeye ni hodari. Hakusubiri kuambiwa.

Kilichomponza ni mdomo. Wiki moja kabla ya mashindano, mama mkwe wake, fundi cherehani aliyeishi naye na mumewe, alisema mbele ya wateja kwamba mke wa mtu kurukaruka juu ya mapipa ni aibu, tena ile breki inavyolia uani inamvurugia kazi. Kiroboto akawaka. "Basi mama, njoo Jumamosi ujionee mwenyewe. Nikiweka mguu chini hata mara moja, baiskeli naiuza!" Ulimi hauna mfupa. Alipotamani kulirudisha neno, wateja walikuwa wameshalisikia, na mama mkwe ameshaitikia kwa kichwa bila kusimamisha cherehani.

Jumamosi walifika pamoja kwenye yadi ya vifaa vya ujenzi iliyogeuzwa uwanja. Kiroboto akaanza matayarisho yake. Alibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, likabonyea karibu kugusa rimu ya gurudumu. Ndivyo alivyotaka, kwani tairi gumu hudunda, na laini hukumbatia jiwe. Akausogeza mkono wa breki hadi kidole kimoja kiufikie, vingine vibaki kushika usukani. Kisha akainuka juu ya gurudumu la nyuma na kubana breki.

Kimya. Baiskeli ikamtoka miguuni kama sabuni bafuni, naye akatua kwa visigino.

Breki yake haikuwahi kunyamaza. Kila mwezi aliikwaruza rimu kwa grenda ya kukatia vigae ili raba za breki zipate pa kung'ang'ania, na rimu iliyokwaruzwa ikibanwa hulia. Akainama. Rimu ilimeta. Alipopitisha kidole, kikatoka na mafuta.

"Umeona inavyong'aa?" mama mkwe alisema nyuma yake, uso umemchanua. "Nimeamka alfajiri. Nikasema, siwezi kuongozana na mkwe wangu mbele za watu na baiskeli yake chafu. Nimeisugua kwa msasa hadi mikwaruzo ikafutika, nikatia mafuta ya cherehani kila panapozunguka. Hata ile kelele imekwisha!"

Hasira zilimpanda Kiroboto hadi masikioni. Wazo lake la kwanza lilikuwa baya: huyu kanihujumu makusudi. Lakini alipomtazama hakuona hila hata chembe. Miaka arobaini ya cherehani ilikuwa imemfundisha yule mama kwamba chuma kinachozunguka kinataka mafuta, naye alimpa mkwewe kilicho bora alichokijua. Hilo lilimuuma Kiroboto kuliko hujuma.

"Mama," alisema taratibu, "kigae kinachong'aa bafuni kikilowa kinafanya nini?"

"Kinaangusha watu."

"Basi hicho ndicho ulichoniwekea kwenye breki."

Mama mkwe akashika mdomo. "Zimebaki dakika ngapi?"

"Ishirini. Na grenda nimeiacha nyumbani."

"Lete chochote kinachokwaruza. Nimeharibu mimi, nitatengeneza mimi. Wewe nielekeze tu."

Ndani ya mfuko wa kazi mlikuwa na jiwe la kusugulia kingo za vigae. Kiroboto aliomba spiriti kwa muuguzi wa uwanja, akaifuta rimu mara tatu, akazitupa raba zilizokunywa mafuta na kufunga za zamani zilizokwisha nusu. Mama mkwe alikaa chini kwenye kokoto na gauni lake la kutokea, akashika jiwe.

"Mistari iende mshazari, mama."

"Mshazari nimeukata kabla wewe hujazaliwa."

Mstari ulifuata mstari, umbali ule ule, kama anapiga mshono. Lakini jiwe si grenda. Kiroboto alipoitwa, robo ya rimu ilikuwa bado laini.

Mapipa aliyavuka bila taabu. Kwenye mrundo wa matairi ya lori alibana breki, na kwa bahati mbaya raba zikaangukia ile robo. Gurudumu likateleza. Mguu wa kushoto ukagusa chini, mara moja tu, na mwamuzi akainua kidole kimoja.

Moyo ulimwuma sana Kiroboto. Lakini hakushuka. Kilibaki kikwazo cha mwisho, kuruka kutoka pipa kubwa la kuviringishia nyaya hadi juu ya boriti nyembamba, na wanagenzi aliowafundisha mchezo huo walikuwa wanatazama. Aliwaambia siku zote: tazama unapotaka kutua, usitazame unapoogopa. Akalisogeza gurudumu nusu hatua, robo ile laini ikapita raba, akakaza macho kwenye boriti na kuruka. Akabana.

Breki ikapiga yowe lililosikika hadi barabarani. Baiskeli ikasimama pale pale, wima.

Alishinda kwa kosa moja; aliyemfuata alikuwa na manne. Watu walimshangilia, lakini Kiroboto aliisukuma baiskeli moja kwa moja hadi kwa mama mkwe. "Nimeweka mguu, mama. Nilisema mbele za watu, na neno langu ni neno. Nitaiuza."

Mama mkwe alimpita, akaenda kwa mwamuzi, gauni limejaa vumbi na mafuta. "Ule mguu wa kwenye matairi ni wangu. Mimi ndiye niliyeisugua rimu na kuitia mafuta. Uandike kwangu."

Mwamuzi alicheka. "Kanuni haziruhusu, mama."

"Kanuni zako ni za hapa uwanjani. Za nyumbani kwetu natunga mimi." Akarudi, akamnyang'anya Kiroboto usukani, akabana breki kwa kidole kimoja kama alivyoona. Ikalia hadi akakunja uso.

"Kelele mbaya kweli," akasema, akaibana tena.