Chupa Aliyompa Wifi Yake

Siku mpira wa sufuria ya presha ulipokatika, Mama Chupa alikuwa na ndoo mbili za maharage machanga, yale yanayoliwa na maganda yake, yamekwisha kuoshwa, kukatwa na kushindiliwa kwenye chupa kumi na mbili za kioo.

Jina hilo alipewa na majirani. Kwa miaka tisa alikuwa akihifadhi vyakula jikoni mwake, na kila Jumamosi wanawake sita saba walikuja kukaa kwenye viti vya plastiki ili wajifunze. "Matunda yana uchachu," alikuwa akiwaambia, mwiko mkononi, "hayo chemsheni kwa maji ya kawaida tu. Lakini maharage, karoti, nyama, hivyo havina uchachu. Bila sufuria ya presha, msithubutu! Kuna sumu haina harufu wala rangi. Mtakuja kuniulia mtu, halafu mseme ni mimi niliyewafundisha." Wanawake walicheka, wakaandika kwenye madaftari yao.

Sasa mpira unaozuia mvuke kwenye mfuniko ulikuwa vipande viwili mkononi mwake. Duka la vipuri lilikuwa upande wa pili wa mji, miguu ilimuuma, na maharage yaliyokwisha kukatwa hayakai mpaka kesho. Akaangalia mlangoni kana kwamba kuna mtu anamchungulia. Kisha akatoa sufuria kubwa ya kawaida, akazipanga chupa ndani, akazichemsha saa tatu nzima. Moto ni moto, alijiambia. Zilipopoa, vifuniko vilikuwa vimebonyea vizuri katikati, kama siku zote. Akazifuta, akaziandika tarehe, akazisukuma nyuma kabisa ya rafu, nyuma ya nyanya.

Miezi miwili ikapita. Hakufungua hata moja kwa ajili yake na mumewe. Mumewe, fundi wa umeme, hakuwa mtu wa kuuliza kuna nini kabatini. Yeye alikula alichowekewa, akashukuru, akaondoka. Aliyeuliza alikuwa dada yake.

Wifi huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, mjane, anaishi peke yake mitaa mitatu kutoka pale, na ulimi wake haukuwa na likizo. Jumapili moja aliingia jikoni bila hodi, akaikagua rafu kama anasahihisha mtihani.

"Wifi, haya maharage yote unamfichia nani? Siku hizi umekuwa mkono wa birika hivyo?"

"Chukua nyanya," Mama Chupa akasema. "Nyanya zimetoka vizuri mwaka huu."

"Nyanya ninazo. Nataka maharage. Au umeyaharibu, unaona aibu?"

Alikuwa anatania. Mama Chupa alilijua hilo, lakini neno lile lilimchoma penyewe. Angeweza kusema kweli pale pale: mpira ulikatika, nikapita njia ya mkato. Ingemchukua pumzi moja. Akaona jinsi wifi yake atakavyoangua kicheko, atakavyowasimulia wale wanawake wa Jumamosi: mwalimu wenu kafeli! Akanyoosha mkono nyuma ya nyanya, akatoa chupa moja.

"Lakini uyachemshe tena vizuri kabla hujala," akasema, haraka haraka.

"Sawa, mama mkwe," wifi akajibu, na chupa ikaingia kwenye mkoba.

Hakuyachemsha. Jumatatu mchana, katikati ya rundo la madaftari, aliyala kwa mkate, baridi, kwa uma kutoka kwenye chupa.

Jumatano asubuhi mume wa Mama Chupa alimpigia simu akiwa njiani kwenda hospitali. Dada yake ameamka anaona vitu viwili viwili, ulimi mzito, hawezi kumeza hata mate. "Majirani wanasema huenda ni kiharusi," alisema.

Mama Chupa alifika wodini saa tatu. Wifi yake alikuwa ameegemezwa mito, kope zote mbili zimemwangukia kama mtu aliyezidiwa na usingizi, lakini akili yake ilikuwa macho kabisa. Alijaribu kusema kitu. Yakatoka maneno mazito yasiyoeleweka. Mama Chupa akatambua papo hapo. Kile kijitabu kilichokuja na sufuria ya presha alikisoma mpaka kikachanika, na ukurasa ule aliujua kwa kichwa: macho kuona viwili, kope kulegea, koo kukauka, ulimi kuwa mzito.

Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akawageukia. "Juzi na jana alikula nini? Kuna chochote kisicho cha kawaida?"

"Dada yangu hula ovyo ovyo," mumewe akasema. "Mkate, chai, basi."

Daktari akamtazama Mama Chupa. Ndipo alipotakiwa kusema. Alifungua mdomo.

"Hata mimi sijui," akasema.

Akaomba ruhusa aende kumletea mgonjwa nguo za kubadilisha. Lakini hakwenda kwa wifi yake. Alikwenda kwake, akafunga mlango wa jikoni, akazitoa zile chupa kumi na moja, akazipanga kwenye sinki. Alikuwa amekwisha kupanga uongo wake wote: atamwaga, ataosha, atavunja, na hakuna atakayejua lolote. Akaketi kwenye kiti cha plastiki ili apate nguvu za kuanza. Akakaa. Akasimama, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Akakaa tena. Jua lilitoka kwenye dirisha moja likahamia lingine. Mara mbili mumewe alipiga simu, naye akajibu kwamba anatafuta funguo.

Mara ya tatu mumewe alilia. "Wamemweka karibu na mashine. Wanasema kifua nacho kinaanza kuchoka. Mke wangu, uko wapi?"

Akashika chupa mojawapo, akabonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Kilikuwa kimevimba. Akaiviringisha kwenye taulo, akaitia ndani ya mifuko miwili, akatoka mbio na kandambili miguuni.

Ilikuwa imepita saa saba alipomkuta daktari kwenye korido. "Ni mimi," alisema, huku akimnyooshea ule mfuko. "Alikula maharage yangu. Sikuyapika kwa presha. Nilijua tangu asubuhi."

Daktari hakupiga kelele. Aliuliza mambo matatu: umempa mtu mwingine? Umekula wewe? Nyumbani zimebaki ngapi? Kisha akaingia ofisini kupiga simu, na mlango ukiwa wazi Mama Chupa akasikia dawa ya kuzima sumu ikiombwa kutoka hospitali kubwa, haraka, kwa gari. Aliporudi, daktari alisema kwa sauti ya chini, "Dawa hii inazuia sumu isiendelee. Haiwezi kurudisha kile ambacho sumu imekwisha kuchukua. Mwili utajirudishia wenyewe, polepole." Akavaa miwani yake. "Ungeniambia asubuhi, ningekuwa nimeshaiagiza."

Dawa ilifika jioni. Kabla haijafika, wifi yake alikuwa amekwisha kuwekewa bomba kooni na mashine inampumulia.

Alikaa na mashine hiyo siku kumi na tisa. Mume wa Mama Chupa aliambiwa habari za maharage siku ile ile dawa ilipofika. Alisikiliza, akaenda kusimama dirishani, na kwa wiki nzima akawa anamwambia mkewe maneno ya lazima tu: funguo, maji, twende. Habari za asubuhi ile, za kukaa kwenye kiti kutazama sinki, hakuambiwa. Daktari hakumwambia, wala Mama Chupa hakusema. Jumamosi wanawake walipokuja na madaftari yao, aliwasimamisha mlangoni, akawaeleza alichokifanya, akawaomba kila mwenye chupa ya maharage asiyo na hakika nayo aichemshe ikiwa imefungwa, imezama majini, kwa muda mrefu, kisha aizike bila kuifungua. Mmoja alimshika mkono. Wengine waliondoka kimya kimya, na kimya hicho alikiona haki yake.

Wifi yake alirudi nyumbani katika mwezi wa pili wa ugonjwa, amekonda, kope ya kulia bado nzito. Mama Chupa alikwenda kila siku kumfulia, kumfagilia, kumbeba mpaka bafuni. Wifi alimpokea kwa utani ule ule, ingawa sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Ungeniambia tu umefeli, ningekupa maksi za huruma," alisema siku moja, na Mama Chupa, aliyekuwa akikunja shuka, akashindwa kuikunja.

"Wifi, kuna jingine."

"Lipi tena?"

Akamwambia. Alivyotambua alipoziona tu kope zake. Alivyomwambia daktari hajui. Masaa manne kwenye kiti, chupa kwenye sinki, na kwamba alirudi nyumbani kwa nia ya kuzimwaga. Hakujitetea, wala hakulia, kwa sababu aliona kulia kungekuwa kumwomba yule mgonjwa ambembeleze yeye.

Wifi alimtazama kwa lile jicho lililofunguka vizuri. "Nilikuwa nakusikia," alisema. "Nimelala pale, siwezi kutamka, nakusikia unasema hujui. Nikadhani umesahau ile chupa. Siku kumi na tisa nimelala nikikutetea moyoni: kasahau, masikini, ana mambo mengi." Akageukia ukutani. "Nenda nyumbani."

Alikwenda. Siku hiyo ndiyo aliyomweleza mumewe yote, na mumewe akalala sebuleni mpaka mwezi ukaisha. Nguo za wifi sasa alifua binti wa jirani. Mama Chupa aliacha kupika vya kuhifadhi. Kula nako kukamshinda, akawa anameza vijiko viwili vitatu akiwa amesimama.

Wiki ya sita tangu afukuzwe, ujumbe wa wifi ukaja kwenye simu: Njoo mchana.

Alimkuta wifi yake amesimama jikoni mwenyewe, ameshikilia ukingo wa meza, anapakua wali na mchuzi. Sahani mbili. Akamwonyesha kiti.

"Sijakusamehe," wifi akasema. "Nakwambia mapema usije ukajidanganya. Lakini kaka yangu ananiambia huli, na mimi sitaki kubeba maiti yako juu ya mengine. Kaa."

Mama Chupa akakaa. Akashika kijiko, akakiweka, akakishika tena.

"Unaogopa?" wifi akauliza.

"Naogopa."

"Vizuri. Kula hivyo hivyo."

Akala, wifi akimwangalia kijiko kwa kijiko, mpaka sahani ikaisha.