Fulana Namba Tisa

Kamachumu nzima haikuwa na fundi cherehani wa kumfikia Eufrazia, na hilo kila mtu alilijua, hata wale waliojifanya kusahau. Gauni za komunyo, suruali za walimu, kanzu za mapadri, vyote vilipita mikononi mwake. Kisha mumewe, Rweyemamu, akafa. Vita vya Kagera vilimrudisha mzima, bila hata mkwaruzo. Magendo ya Uganda ndiyo yaliyomrudisha amekonda, na mwaka wa themanini na sita akazikwa kibanjani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, karibu na ndugu zake wawili waliotangulia kwa ugonjwa huohuo.

Siku hizo Ukimwi ulikuwa bado unaitwa Juliana. Jina lilitoka kwenye mashati yenye picha ya mwanamke yaliyovushwa kutoka Uganda. Vijana waliyagombania, kisha vijana haohao wakaanza kufa, na watu wakakata shauri kwamba ugonjwa unakaa kwenye shati. Usiwacheke. Anayetoka msibani na kwenda msibani hapati nafasi ya kuchagua la kuamini.

Sasa niambie, katika hali hiyo nani angekubali mjane wa marehemu wa Juliana amzungushie tepu kifuani? Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Walimsalimu kwa adabu zao zote za Kihaya, "Wasibota, waitu," lakini kutoka upande wa pili wa barabara. Njaa haikumuuma Eufrazia, maana ndizi na maharage kibanjani havikukosekana. Iliyomuuma ni mikono. Mwaka ulipita mikono yake haijamgusa mtu isipokuwa mama mkwe wake, Petronila, waliyebaki naye wawili tu katika nyumba ile. Fundi ambaye hamgusi mtu ni fundi wa nini?

Nyuzi alizinunua Bukoba kwa Mama Harshad. Jina lake hasa lilikuwa Lalita, mmoja wa Wahindi wachache ambao hawakufunga duka na kuondoka. Siku moja alimwonyesha Eufrazia roli la plastiki nyeusi, laini, aliyoletewa na mwanawe kutoka Uingereza. Upande mmoja ulikuwa na gundi inayoyeyuka kwa moto. Unakata herufi au namba, unailaza juu ya fulana, unapiga pasi, inashika.

"Huko aliko Harshad kila timu inavaa hii," alisema Lalita. "Hapa watu wakiona mchoro kwenye nguo wanakimbia. Chukua hili, na hizi fulana nyeupe. Utanishonea mapazia, tutakuwa sawa."

Eufrazia aliligeuzageuza lile roli. Fulana haina vipimo. Mtu anaiokota mezani na kwenda zake, hana haja ya kuguswa. Aliiona riziki hapo, na palepale roho ikamuuma, kwa kuwa hiyo riziki ilikuwa imetengenezewa mtu anayeogopwa. Akalichukua.

Lalita alimweleza namna ya kuanza. Ukate kwa kinyume, ili ukigeuza namba isomeke. Pasi iwe moto sawasawa. Gandamiza, usisugue. Subiri ipoe kabisa ndipo ubandue nailoni nyembamba inayoifunika kwa juu.

Kamachumu ilikuwa na timu ya mpira iliyoingia fainali ya wilaya, ya kuchezwa Muleba, na wenye mashindano walitaka kila mchezaji awe na namba mgongoni. Timu haikuwa na jezi, ilikuwa na mashati ya nyumbani ya kila rangi. Mwalimu Buberwa, kocha wao, aliposikia habari za plastiki ya Eufrazia alikuja mwenyewe hadi mlangoni. Alikohoa, akatazama juu ya paa, akatazama migomba, mwishowe akasema, "Tutengenezee, Mama." Shida haina mwiko.

Namba mbili ya kwanza ilitoka imegeuka, kama mtu aliyenuna akawapa wenzake kisogo. Petronila alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini Eufrazia alikuwa fundi, akakata vielelezo vya karatasi, akavipindua, akafuatisha kwa wembe, na kuanzia hapo hakukosea tena. Alizinyoosha fulana kwanza, kama anavyonyoosha fundi yeyote mwenye heshima zake. Alitia makaa kwenye pasi, akaisugua juu ya jani bichi la mgomba ili iteleze, akajaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya kitambaa. Kisha akalaza namba na kugandamiza. Zilishika. Zilipendeza. Alizitundika uani, akakaa kuzitazama mpaka chakula kikaungua jikoni.

Jumapili timu ilizivaa kwenye mechi ya mazoezi, na uwanja ulijaa. Eufrazia alisimama pembeni na Petronila, kifua mbele. Basi ikawa jasho lilipoanza kutoka, namba nazo zikaanza kuondoka. Saba ilijikunja. Nne ilidondoka nyasini. Mutalemwa, nahodha, mshambuliaji ambaye mabeki wa Muleba walimjua kwa jina, alikimbia na mpira huku tisa yake inaning'inia mgongoni kwa kona moja.

Mtu mmoja katika watazamaji akasema, bila hata kupaza sauti, "Zinababuka ngozi."

Mwingine akamjibu, "Juliana hiyo."

Mutalemwa alisikia. Aliacha mpira hapohapo, akaivua fulana kama mtu aliyeingiwa na siafu, akaitupa chini. Wenzake wakafuata. Wakasimama vifua wazi katikati ya uwanja, kila mmoja akijipangusa mikono kwenye kaptura. Eufrazia alitaka ardhi ipasuke immeze.

Haikupasuka. Petronila ndiye aliyeingia uwanjani, polepole, na miguu yake mibovu, akaziokota fulana moja baada ya nyingine na kuzitia kwenye khanga yake. Hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza aliwatazama wale vijana, ambao karibu wote aliwahi kuwapakata wakiwa wachanga, akasema, "Chezeni, wanangu. Mpira bado."

Kesho yake Eufrazia alidandia lori la kahawa hadi Bukoba, na fulana zile kwenye kikapu. Alikuwa na hasira. Alimwambia Lalita plastiki yake ni mbovu.

"Pasi ile pale uani," alisema Lalita. "Piga nikuone."

Eufrazia aliwasha makaa. Pasi iliposhika moto alinyoosha mkono, akachuma jani la mgomba uliokuwa kando ya ukuta, akaisugua pasi mpaka ikang'aa. Akapiga funda la maji, akalipuliza kwenye fulana. Mikono ilifanya hayo yenyewe, kama alivyofundishwa na mama yake, na huyo naye na mama yake. Kabla hajaigusa fulana, Lalita alimshika mkono.

"Hilo jani lina nini?"

"Linaifanya pasi iteleze."

"Kinachoteleza kinashikaje?"

Eufrazia alipitisha kidole upande wa chini wa jani. Utelezi kama wa mshumaa. Miaka yote ile aliusifu utelezi huo, na sasa aliupaka kwenye nguo, akaongeza maji, kisha akaiomba gundi ishike. Hasira ilimtoka, akaanza kucheka, na Lalita naye akacheka, maana naye hakufikiria kumwonya. Huko Uingereza hakuna migomba, ndiyo maana Harshad hakuliandika kwenye maelekezo yake.

Walijaribu upya. Pasi ilipanguswa kwa kitambaa kikavu, fulana ikakaushwa kwa moto mpaka mvuke ukaisha, meza ngumu bila blanketi, na Eufrazia akalala juu ya pasi kwa uzito wake wote. Ilipopoa walivuta namba kwa kucha, wakaifua, wakaikamua kama mashapo ya rubisi, ile pombe ya ndizi. Haikunyanyuka hata ukingo. Alirudi Kamachumu na roli jingine, akafua fulana zote kwa sabuni na maji ya moto, akaanza upya, na safari hii alijua kazi yake ni nzuri. Hakubahatisha, alijua.

Lakini kujua kwake kulimsaidia nini? Mwalimu Buberwa alikuja, akatazama tena lile paa. "Vijana hawataki, Mama. Siwezi kuwalazimisha. Tutachora namba kwa mkaa."

Alipoondoka, Petronila aliinuka, akaichukua namba tisa juu ya meza na kuivaa juu ya gauni lake.

"Mama, unafanya nini?"

"Nimewaogesha wanangu watatu mpaka dakika ya mwisho kwa mikono hii," alisema Petronila. "Fulana ndiyo itaniua?"

Akatoka nayo. Alilimia nayo maharage, akachumia nayo kahawa, akatekea nayo maji kisimani, jioni akaifua na asubuhi akaivaa. Jumapili aliingia nayo kanisani, bibi wa miaka sabini mwenye namba ya mshambuliaji mgongoni, akaketi benchi la mbele. Watu walisogea, benchi likabaki lake. Hakujali, alipata nafasi ya kunyoosha miguu. Jirani yake Alistidia alijikaza wakati wa mahubiri, mwishowe kicheko kikamshinda, na kwa kuwa alishacheka akaona heri aende kukaa naye. Wakati wa mazoezi Petronila alipeleka kigoda chake uwanjani, akakaa amewapa mgongo wachezaji ili waisome vizuri. Kila siku watu walikuja kuitazama ile tisa kama inabanduka. Haikubanduka. Wala Petronila hakuugua. Aligombana na mbuzi wa watu kama kawaida.

Ilibaki siku moja waende Muleba. Jioni, Mutalemwa aliingia uani akitoka mazoezini, anavuja jasho, akasimama mbele ya Petronila aliyekuwa akimenya ndizi. Eufrazia alitoka ndani, akabaki mlangoni.

"Mama," alisema Mutalemwa, "nimekuja kuomba tisa yangu."

"Niliiokota mavumbini. Ni yako hiyo?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Ni yangu. Nilikosa, waitu."

Petronila alikiacha kisu, akaivua ile fulana taratibu juu ya gauni lake. "Nimelima nayo leo, ina jasho. Ngoja Eufrazia akufulie."

"Hapana. Nipe hivyohivyo."

Aliivua yake na kuivaa ile. Eufrazia alimtazama mgongoni, akaona bega moja limejikunja, na kabla hajafikiri alikuwa ameshamfikia. Akalinyoosha bega kwa vidole, akapitisha kiganja juu ya namba, kutoka juu mpaka chini, kama afanyavyo fundi anayekabidhi kazi. Alipokumbuka alikuwa amechelewa kuuondoa mkono. Mutalemwa hakushtuka. Alisimama wima, mikono ameitanua kidogo, akisubiri amalize.

"Wenzangu wako nje," alisema.

Eufrazia alikumbatia fulana zilizobaki, akatoka. Timu yote ilikuwa imejipanga kando ya mibuni, kocha wao mwishoni, na kila mchezaji alikuwa ameshavua shati. Alimvika wa kwanza, akamgeuza, akampitishia kiganja mgongoni. Akamvika wa pili. Hakuwaharakisha, wala wao hawakumharakisha, na fahari ilimjaa mpaka ikambidi afunge mdomo asije akalia mbele ya wateja. Alipofika kwa wa mwisho mkono wake ulikuwa umelowa jasho la watu, na hakuupangusa.